Pikapu Mbili na Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Nikiuziwa maziwa nayanusa kwanza. Nikiambiwa fulani amefariki, nauliza ni nani aliyemwona. Marehemu mume wangu alipenda kusema kwamba nilitoka tumboni mwa mama yangu nimekunja uso, na mimi nilikuwa namjibu kwamba wanaochekacheka ovyo ndio wanaouziwa mbuzi kwenye gunia.

Habari hii ni ya miaka ya hamsini, tulipokuwa tunakaa milimani juu ya Uyole. Sisi ni Wanyakyusa. Baba mkwe wangu alihamia huko kutoka Rungwe akitafuta ardhi, akaipata, tukawa tunalima viazi. Mume wangu alikuwa amekwenda mara tatu kuchimba dhahabu kwa Makaburu, kila safari mwaka na zaidi. Safari ya kwanza alirudi na blanketi na cherehani. Ya pili alirudi na baiskeli. Ya tatu alirudi na fedha za maana, na kikohozi ambacho hakikuisha hata kipupwe kilipokwisha. Nilimwambia wazi kwamba akienda mara ya nne, atakaporudi atanikuta kwa baba yangu.

Yeye akanijibu kwamba hapendi kwenda, lakini atakaa nyumbani afanye nini? Viazi vyetu vilikuwa vinaozea shambani. Wenye malori walikuja siku waliyotaka, wakatupa bei waliyotaka, na tukinung'unika wanawasha gari wanaondoka. Tukiwa na pikapu yetu, alisema, tutapeleka viazi mjini wenyewe, turudi na mchele wa Usangu, na yeye hatakanyaga tena shimoni. Fedha za kununua pikapu moja kuukuu zilikuwepo. Za kununua na kukosea hazikuwepo. Tukiuziwa mzoga, alikuwa tayari kwenda kuandikisha jina lake kwa safari ya nne siku hiyohiyo, na hilo aliniambia bila kunificha. Kwa hiyo wenzangu pale nyumbani waliona wanatafuta gari. Mimi nilikuwa natafuta mume wa kukaa naye.

Fedha zenyewe alizishika baba mkwe, kama ilivyokuwa desturi, na yeye ndiye wa kuchagua. Hapo ndipo pagumu. Kwetu mke wa mtu humwogopa baba mkwe wake. Siyo woga wa kutetemeka. Ni adabu, tena yenye masharti. Humtazami usoni, husemi naye, hutaji jina lake, na mkikutana njiani unaingia majanini na kujifunika shuka mpaka apite. Nilikuwa nimekaa katika ua ule miaka saba nisijue mkwe wangu ana pua ya namna gani. Wengi waliobatizwa walikuwa wameanza kulegeza mambo hayo. Yeye naye alikuwa amebatizwa, tena kanisani aliimba kwa sauti kuliko wote, lakini kwa hili alimwacha mchungaji aseme mpaka achoke. Ibada nzima nilikaa nyuma ya nguzo.

Na bado nilihitajika. Kadi ya gari iliandikwa Kiingereza, na katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyemaliza darasa la sita misheni. Basi amri ikatoka kwa baba mkwe, ikapitia kwa mume wangu, ikanifikia jikoni: mwanamke aje asome karatasi, ila akae mahali asipoonekana.

Pikapu ya kwanza ilikuwa Mbeya mjini, uani kwa dalali mmoja wa magari. Ilikuwa ya kijani, imepakwa rangi mpya, na viti vimeshonwa upya. Dalali alisema ilikuwa mali ya Mzungu mkulima wa kahawa ambaye hakuiendesha kokote ila kanisani na kurudi. Niliposikia hayo ya kanisani, machale yakanicheza. Mkulima gani anaweka pikapu ya kumpeleka kanisani? Kahawa yake aliibeba kichwani? Na rangi mpya ya nini kwa kitu unachotaka kukiondoa mikononi mwako? Lakini niliyasema hayo moyoni, kwa sababu nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu nyuma ya banda la mabati, nimejifunika shuka gubigubi, na ng'ambo ya banda alisimama baba mkwe.

Kabla hata gari halijaguswa, dalali aliwakaribisha wanaume ndani wanywe chai. Hilo nalo sikulipenda. Walipoingia, fundi wa pale akaja upande wangu. Hakunijali, nadhani aliniona kama furushi. Alichota unga wa mbao kutoka kwenye gunia, ule unaodondoka chini ya msumeno, akautia kwenye karai, akamwagia grisi nzito na kuanza kukanda kwa mikono miwili. Alikanda kwa bidii kama mtu anayesubiriwa na wageni. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akafunika karai kwa tambara na kwenda kulala chini ya pikapu, upande wa nyuma. Alikaa huko kitambo. Sikujua anafanya nini. Nilidhani labda ndivyo wanavyozuia kutu, lakini yale macho ya kulia na kushoto niliyaweka akilini.

Wanaume walipotoka, baba mkwe aliikagua ile pikapu kwa njia aliyoijua, yaani ya kununua ng'ombe. Mume wangu alinisimulia baadaye, na mengine niliyasikia mwenyewe. Aliizunguka mara mbili bila kusema. Akaweka kiganja juu ya boneti kama anayetafuta homa. Akainama kutazama pale ilipolala, kama pana uchafu usio wa kawaida. Halafu akataka ipandishwe mlimani na kurudishwa, na yeye akakaa ndani, kichwa ameinamisha, akisikiliza. Ilikwenda na kurudi kimya, bila mlio wala mkwaruzo. Baba mkwe akaridhika kabisa. Kwake yeye mnyama anayelialia ana kinachomsumbua, na asiyelia ni mzima.

Nililetewa kadi. Dalali alikuwa amesema mwenye gari ni mmoja tu, mimi nikaona majina matatu. Nikamnong'oneza mume wangu, naye akaenda kuuliza. Dalali alikuwa na jibu kabla swali halijaisha: wale wawili wa kwanza ni ndugu za yule Mzungu. Ukoo mzima, basi, wa kwenda kanisani. Bei yake ilikuwa inamaliza fedha zetu karibu zote, lakini tairi zilikuwa nzima na baba mkwe alikuwa ameshapenda. Alichosema tu ni kwamba hanunui kabla ya kuona nyingine, kwa sababu hajawahi kununua ng'ombe wa kwanza kuonyeshwa.

Nyingine ilikuwa Iringa. Dereva mmoja wa basi alikuwa ametuambia kwamba mfanyabiashara wa mchele na vitunguu huko anauza pikapu yake kwa bei ya chini. Tukapanda basi, baba mkwe mbele karibu na dereva, mimi kiti cha mwisho kabisa, shuka kichwani, kutwa nzima katika vumbi lile. Basi likisimama, mume wangu alikuwa anakohoa makusudi kunijulisha kama baba yake anashuka, ili nisije nikamkabili mlangoni. Shida ni kwamba alikuwa anakohoa hata bila makusudi. Mwanamke mmoja wa Kihehe aliyekaa karibu nami aliniuliza kwa huruma kama nina ndui.

Yule mfanyabiashara alikuwa Mwislamu, mzee wa makamo, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani zamani akaoa Iringa na kubaki. Alitupokea kwa salamu ndefu hata nikaanza kumshuku katikati ya salamu. Pikapu yake ilikuwa mbaya kwa sura. Ilikuwa ya kijivu, ina makunyanzi, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya. Na kabla hajaulizwa chochote, mzee akaanza kuitia dosari mwenyewe. Asubuhi inatoa moshi. Gia ya pili huruka usipoishikilia. Tairi mbili zimekwisha. Ikipanda mlima inapiga kelele, mtazoea.

Baba mkwe alishtuka. Kwetu mtu anayemsema vibaya ng'ombe wake mbele ya mnunuzi, ama amerogwa ama anakuroga. Mimi ndiyo kabisa. Nilijiambia kwamba ametaja manne ili tusitafute la tano.

Wanaume wakaondoka na pikapu kuijaribu mlima wa Tosamaganga, ambako mzee alisema alikuwa akiwapelekea watu wa misheni mchele na mabati. Mimi nikapelekwa uani kwa mke wake. Alikuwa mama wa umri wa mama yangu, mwenye maneno matamu na mikono isiyotulia, anapeta mchele huku anazungumza. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza, changu kilikuwa kinakwama kwenye mawe. Aliniletea kahawa. Nikamngoja aonje yake kwanza. Akaliona hilo, akacheka, akanywa yangu funda moja na kunirudishia kikombe.

Nilimwuliza bila kuzunguka kwa nini wanaliuza gari. Akasema miguu ya mzee imechoka, wanawe wako Dar es Salaam hawataki habari ya mchele, na yeye mwenyewe amechoka kungoja barabarani mume asiyerudi kwa saa yake. Nikamwuliza kwa nini basi mzee analisema vibaya gari lake. Akaacha kupeta. Akasema kwamba hilo alijifunza kwa machungu, kwa sababu gari lao la kwanza waliuziwa na mtu wa maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

“Lilikuwa kimya, mwanangu, hata mtoto mchanga angelala humo,” alisema. “Wiki ya pili likafia mlima wa Kitonga na mzigo juu. Fundi alipofungua difu, pale nyuma kwenye magurudumu, akakuta unga wa mbao na grisi, umekandwa kama wa maandazi. Meno yote yalikuwa yamekwisha. Ule unga ndio uliokuwa unayafumba mdomo.”

Nikalikumbuka lile karai la Mbeya. Kwanza nilimshuku hata yeye: nilidhani ametumwa na mumewe kutuharibia ile ya Mbeya. Nikafikiri, nikafikiri tena. Yule mama hakujua kwamba tumeona gari jingine. Hakujua kama nimewahi kuona karai. Sikuwa nimemwambia lolote, kwa maana mimi simwambii mtu lolote. Basi alilolisema alilisema kwa kuwa lilimpata. Nikanywa ile kahawa yote, imeshapoa.

Siku ya kurudi, tukiwa tunangoja basi, nilimvuta mume wangu pembeni nikamweleza yote, la karai na la difu. Alinisikiliza huku anatazama viatu vyake. Akasema niliona fundi na karai, na mafundi wote wana karai. Akasema tena kwamba tangu anioe nimeshamshuku mchungaji, nimemshuku mwenye duka, nimemshuku mama yake mzazi kuhusu sukari. Kweli, sukari nilikosea. Lakini hili sikukosea, na nilimwomba amwambie baba yake. Akaahidi. Tulipofika Uyole akaniambia kwamba baba ameambiwa, na baba amesema amesikia, na kauli yake ni kwamba tunachukua ile ya Mbeya.

Amesikia. Nilijua mume wangu hakusema kitu. Alikuwa mtu aliyekwenda chini ya ardhi mara tatu kwa kamba, lakini mbele ya baba yake alikuwa anapata kigugumizi. Nikaenda kwa mama mkwe. Huyo alinijibu kwamba mwanamke akianza kuwachagulia wanaume magari, kesho atawachagulia na wake. Nilikaa siku mbili sili vizuri. Nilikuwa namtazama mume wangu akikohoa mlangoni, namwona tayari yuko kwenye foleni ya kuandikisha jina, na zile fedha, ambazo ni mapafu yake yaliyogeuzwa noti, zinakwenda kwa mtu wa kanisani na kurudi.

Siku ya kununua nikachukuliwa tena kwa ajili ya kadi. Tairi langu bovu lilikuwa palepale. Nilisikia salamu, nikasikia dalali akimsifu baba mkwe kwa jicho la kuchagua, anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mchana kweupe. Kisha nikasikia kitambaa cha fedha kinafunguliwa fundo. Nilimwita mume wangu kwa jina, polepole. Nikamwita tena kwa nguvu. Alinisikia, najua alinisikia, kwa sababu alikohoa, lakini hakuja.

Nikainuka. Nikazunguka banda, shuka nimeivuta mpaka kwenye nyusi, macho chini, nikasimama kwenye mwanga kati yao, mahali ambapo mke wa mtu hasimami. Niliona viatu vya baba mkwe. Ndiyo mara ya kwanza kuviona kwa karibu. Kimoja kilikuwa na kiraka.

“Baba, nisamehe,” nilisema. “Difu ya gari hili imejazwa unga wa mbao. Nilimwona fundi akiutia kwa macho yangu.”

Vile viatu vikageuka mara moja. Baba mkwe alielekea ukutani, akavuta koti lake juu ya kichwa. Mzee mzima, mbele ya watu wa mjini, amejifunika koti kwa sababu yangu. Nilitamani ardhi inimeze. Dalali peke yake alicheka, akauliza tangu lini akina mama wa viazi wanajua difu.

Baba mkwe akamwambia mume wangu, bado ameelekea ukuta, sauti imezibwa na koti: “Mwambie afungue.”

Dalali akasema gari halifunguliwifunguliwi kama chungu cha maharage. Baba mkwe hakubishana. Mikono yake ikatokea chini ya koti ikaanza kufunga lile fundo. Dalali alipoona kitambaa kinafungwa, akamwita fundi.

Fundi akaingia chini na spana. Alifungua giaboksi, ya mbele. Ikatoka oili nyeusi, nyembamba, safi kama oili yoyote. Dalali akanyoosha mikono, tuone wenyewe. Nilifikiri habari ya sukari. Nilifikiri kwamba nimemvunjia mzee heshima, nimemwaibisha mume wangu, nimewanyima gari, na yote kwa sababu ya uso wangu uliokunjwa. Lakini fundi alikuwa ameshaanza kufuta mikono haraka haraka, anataka kutoka, na ile haraka yake ndiyo iliyonizindua.

“Siyo hapo,” nikasema. “Nimesema difu. Nyuma.”

Fundi na dalali wakatazamana. Mume wangu, Mungu amrehemu, ndipo alipopata miguu. Alimnyang'anya fundi spana, akaingia chini mwenyewe kwa nguo zake za Jumapili, akafungua nati ya nyuma. Hakikutoka kitu kwanza. Akachokoa kwa kijiti. Grisi ikaanza kuporomoka polepole, nzito, kama uji wa ulezi uliolala, na ndani yake punje za mbao.

Hakuna aliyegombana. Baba mkwe alikwenda zake barabarani, koti bado liko kichwani, na mume wangu akamfuata. Mimi nilitembea nyuma yao, mbali, mpaka nyumbani.

Wanaume walirudi Iringa peke yao, na siku ya nne tukaisikia ile pikapu ya kijivu kabla hatujaiona. Ilipanda kilima chetu inapiga kelele kama yule mzee alivyosema, gia ya pili inaruka, mlango una waya. Mume wangu alikuwa anacheka peke yake ndani. Fedha zilizobaki zilinunua tairi. Hakwenda kuandikisha jina mwaka ule, wala mwaka wowote baada ya huo. Kikohozi hakikumwacha, ila alikoholea nyumbani, na mimi nikawa namchemshia majani.

Ungedhani nilishangiliwa. Thubutu. Mama mkwe hakunisemesha, alikuwa anapita na ungo wake kama hanioni. Kwake nilikuwa nimemvua mzee nguo hadharani. Na wazee wa ukoo walipokaa, walikata shauri kama desturi inavyotaka: aliyekosa kwa mkwe lazima ukoo wake ulete ng'ombe wa kusafisha kosa. Ujumbe ukapelekwa Rungwe kwa baba yangu mzazi. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wawili tu, na mmoja kati yao alikuwa hazai.

Hapo nilikasirika, nisiseme uongo. Nilikasirika mpaka nikavunja chungu. Nimewaokolea fedha, nimewaokolea mtoto wao, na baba yangu aliyechoka anatozwa nusu ya mali yake! Nilimwambia mume wangu maneno ambayo siyaandiki. Kesho yake asubuhi akawasha pikapu na kusema anakwenda Mbeya kutafuta balbu ya taa. Akarudi jioni bila balbu. Nikaenda kuchungulia nyuma ya gari, kama kawaida yangu, nikakuta majani na mavi mabichi ya ng'ombe, na mbao zimekwaruzwa na kwato.

Nilimwuliza amembeba nani. Akasema ni mzigo wa mtu. Mtu gani? Mtu tu wa njiani. Amelipa? Akasema hakulipa. Basi nikajua. Gari halina hata wiki mbili, tayari lina siri. Pengine ana mwanamke mahali na ameanza kumpelekea ng'ombe wa mahari. Nililala upande wa ukutani siku tatu. Na yeye, mpuuzi yule, kila nikimtazama alikuwa anakaribia kucheka.

Siku ya nne baba yangu akafika kwa miguu kutoka Rungwe, akiswaga ng'ombe wa faini. Nilikimbia kumlaki njiani kabla hajaingia uani, nimpokee fimbo, nimwombe msamaha. Nikasimama. Ng'ombe yule nilimjua. Mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji, pembe ya kushoto imekatika ncha. Nilikuwa nimemkatia majani misimu miwili katika zizi la baba mkwe, kabla hajapelekwa kufugwa kwa rafiki yake, na hata shingoni bado alikuwa na kamba niliyoisuka mimi.

Kitu cha kwanza kilichonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba baba yangu ameiba.

Nilimwuliza kwa sauti ya chini ng'ombe huyu kamtoa wapi. Baba yangu akatazama nyuma yake, kisha akaniambia nishushe sauti.

“Mumeo alinishushia kwa gari siku chache zilizopita,” alisema. “Kaniambia baba yake amemtuma hivi: kosa lazima lilipwe, na binti yule asilipiwe na mtu mwingine ila yeye. Kasema nimlete kama wangu, na wewe nisikuambie. Sasa umejua mwenyewe. Jifunike, mwanangu, anatoka.”

Nikajifunika shuka, nikapita nyuma ya nyumba na kusimama karibu na ukuta, mahali pa kusikia. Wazee walikuwa wameshakaa. Baba mkwe alimpokea baba yangu kwa heshima zote, akasema amemwona ng'ombe na anamshukuru aliyemleta. Kisha akaondoka kitini kwenda kumkagua mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Nilimsikia akimzunguka mara mbili bila kusema. Nilimsikia akimpapasa mbavu. Akamfungua mdomo, akamtazama meno, akamwuliza baba yangu kama ng'ombe huyu ameshazaa mara ngapi.

Baba yangu alisita kidogo. Akasema ni mara mbili.

“Tatu,” alisema baba mkwe, na akampokea.